Niangalizie Vitu Vyangu

Katika wiki ya mitihani maktaba ile haina kiti kitupu. Nasema hivyo kwa kuwa nimeifagia miaka kumi na minane. Wanafunzi hulala chini ya ngazi, hukalia mabomba ya kupashia joto, humwaga supu ya tambi kwenye zulia, na mmoja nilimkuta amejifungia na kompyuta yake ndani ya chumba changu cha mafagio, akaniambia nitoke kwa sababu nampigia kelele. Kwa hiyo Jumanne ile, saa tisa mchana, Brynn Halvorsen alipopanda ghorofa ya nne akakuta meza nzuri kando ya dirisha haina hata mtu mmoja, mwenye akili zake angejiuliza kulikoni. Brynn hakujiuliza. Alitoa daftari lake akaandika: kumi kwa kumi.

Lazima nimweleze binti huyu, ingawa kumweleza yeye ni kueleza nusu ya chuo. Alikuwa na miaka ishirini, yuko mwaka wa pili, anataka kuwa muuguzi. Mtihani wa kemia ulikwisha kumwangusha mara moja. Marudio yalikuwa Jumatano saa nane mchana, na akianguka tena shule ya uuguzi inamtoa, hakuna kubembelezana. Hilo alilijua vizuri. Sasa mtu wa namna hiyo angefanya nini? Wewe na mimi tungekaa tukasoma. Brynn alitafuta pa kusomea.

Daftari lake lilikuwa na sehemu thelathini na saba, na kila moja ameipa alama: mwanga, soketi, kelele, harufu za vyakula vya wenzake. Kanisa la chuo lilipata sita kwa sababu mabenchi yanaumiza. Maktaba ya wanasheria ilipata saba. Viti vya ngozi, lakini wanasheria wanatafuna karanga. Kantini ya wahandisi aliipa mbili na kuandika pembeni neno moja tu, vitunguu. Angeitafuta elimu kwa robo ya bidii hiyo, leo angekuwa anafundisha madaktari.

Aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja ni Pa Houa Vang, Mhmong, watu wa asili ya milima ya mashariki ya mbali, mzaliwa wa mji wa Saint Paul. Yeye alisomea nyuma ya duka la tambi la shangazi yake, amekalia gunia la mchele, televisheni inapiga kelele na watoto wa ndugu wanamvuta nywele. Alikuwa anapata A. Brynn alimhurumia sana.

"Sijui unawezaje, shoga," alimwambia asubuhi ya Jumanne. "Ubongo wangu mimi hauwezi kelele."

"Ubongo wako haujawahi kupewa kazi tukajua."

"Wewe cheka tu. Sehemu ikiwa nzuri, vitu vinaingia vyenyewe."

"Haya, nenda kavingojee," Pa Houa alisema, akafunga begi lake.

Basi Brynn akaipata sehemu. Meza ilikuwa na viti viwili vinavyotazamana. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilitundikwa koti la sufu la kijani, la kizamani, lenye vifungo vya mbao, na juu ya meza mbele yake palikuwa na glavu mbili na kitabu kilichofungwa. Koti lilikuwa limelowa. Lilidondosha maji polepole, tone moja, kimya, tone jingine. Theluji ilikuwa haijaanguka kwa siku nne na zulia chini ya kile kiti lilikuwa kavu. Wanafunzi waliokosa nafasi walikuwa wanapita na kompyuta zao kifuani, wanaifikia meza ile, wanaizunguka kwa mbali, wanakwenda kukaa sakafuni karibu na choo. Ukiwauliza kwa nini, hawajui. Miguu yao ilikuwa na akili kuliko wao.

Brynn aliona koti, akajua mwenyewe kaenda kujisaidia. Akakaa upande wa pili, akachomeka chaja, akavua koti lake la manjano, akafungua kitabu. Palikuwa na harufu kidogo, ya sufu mbichi na ya maji ya ziwa wakati barafu inapokatwa tundu la kuvulia samaki. Aliandika hivyo kwenye daftari: harufu kidogo, inavumilika. Hakupunguza alama.

Saa kumi na nusu, jua la Desemba lilipokuwa linazama nyuma ya maegesho ya magari, mtu alisimama pembeni yake.

Hapa nieleze desturi moja ya watu hawa, maana ndiyo iliyomponza. Mwanafunzi akitaka kwenda choo au kununua kahawa, humgeukia mtu aliye karibu, mtu asiyemjua hata kwa jina, akamwambia: niangalizie vitu vyangu. Na yule humjibu ndiyo bila kuinua kichwa. Nimewaona mara elfu. Hawajatazamana nyuso, hawajui kilichomo kwenye begi, na tayari wameshapeana amana. Nilikozaliwa amana ilikuwa mzigo. Watu waliugua kwa sababu ya amana. Hawa wanaipokea huku wanatafuna ubani.

"Samahani," mtu yule alisema kwa sauti ya chini, ya adabu. "Unaweza kuniangalizia vitu vyangu? Narudi."

"Poa," Brynn alisema, macho kitabuni. "Nenda tu, mimi nipo."

"Mpaka nirudi?"

"Ndiyo, ndiyo, mpaka urudi."

"Ahsante sana," sauti ikasema, na nyayo zikaondoka. Zilikuwa nyayo za mtu aliyevaa viatu vilivyojaa maji. Wale wanaopenda hadithi zenye kwato watanisamehe. Zilikuwa nyayo za kawaida tu, ila zilikwenda moja kwa moja kuelekea ukutani, mahali pasipo na mlango, na huko zikakoma.

Kuanzia hapo Brynn alisoma ajabu. Vitu viliingia vyenyewe, kama alivyosema. Michoro ya kaboni iliyomtesa muhula mzima ilifunguka mbele yake ukurasa kwa ukurasa, hakusikia njaa, hakushika simu, hakukumbuka choo. Alijipongeza kwamba hatimaye amepata sehemu inayolingana na ubongo wake. Alipoinua shingo kuinyoosha aliona dirisha lina mwanga, akadhani jua halijamaliza kuzama. Akaangalia simu. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi.

Alishtuka, lakini si sana. Mtihani bado saa tano nzima. Akakusanya vitu vyake akasimama, na ndipo alipoona kwamba mkono mmoja wa lile koti la kijani, uliokuwa umening'inia jana, sasa umelala juu ya meza.

Alikwenda kwenye ngazi. Alishuka akapita mlango wenye namba tatu, akapita wenye namba mbili, akasikia chini sauti za watu na mashine ya kahawa ikikoroma, akausukuma mlango wa mwisho kwa bega, kofia tayari iko kichwani, na mlango ukamfungukia kwenye zulia lilelile la kijivu, rafu zilezile, dirisha lilelile, na meza ileile ambayo kiti chake kilikuwa kimevutwa nje kidogo, kama anavyovutiwa mgeni.

Mkono wa koti ulikuwa umefika katikati ya meza.

Akajaribu lifti. Mlango ulifungwa, lifti ikashuka, tumbo lake likahisi inashuka, namba zikabadilika moja baada ya nyingine hadi ikalia kengele ya chini, akatoka mbio kabla mlango haujafunguka vizuri, akajikuta amegonga ukingo wa meza kwa paja, na mbele yake koti limeinama kidogo kiti kizima kikiwa kimesogea nalo, na zile glavu mbili zilizokuwa zimelala pamoja zimekaa upande wa kiti cha Brynn, moja kulia na moja kushoto, kama za mtu anayesoma naye. Akapiga kelele. Wasichana wawili waliokuwa karibu na choo waliinua vichwa, wakatazama upande ule, wakatazamana wao kwa wao. Mmoja akasema, "Mtu mwingine kashindwa na fizikia," wakarudi kwenye kompyuta zao.

Alimpigia Pa Houa akinong'ona, machozi yanamtoka.

"Siwezi kutoka."

"Kutoka wapi?"

"Maktaba. Ghorofa ya nne. Kila nikitoka narudi. Pa Houa, kuna koti, linasogea."

"Umelala kweli wewe?"

"Sijalala. Njoo. Tafadhali, njoo sasa hivi."

Pa Houa alifika saa tano. Yeye hakukimbilia mezani. Alisimama mwisho wa rafu, akavuta hewa puani, akaangalia lile koti kwa muda. Kisha akatazama kioo cha dirisha, ambamo Brynn alionekana amekaa na mbele yake amekaa mtu wa pili, ameinamisha kichwa, nywele zake zinadondosha maji. Pa Houa akageuza macho, akamuuliza Brynn yote yalivyokuwa, kisha akatoa simu, akampigia bibi yake akamsimulia.

Bibi huyo ndiye mganga ambaye watu wao wa Saint Paul nzima humwita pale roho ya mtu inapochelewa kurudi mwilini. Alikuwa jikoni anakatakata mboga; kisu kilisikika kwenye simu.

"Alimwona uso?" bibi aliuliza.

"Hakumwona, Bibi."

"Na akaitika?"

"Aliitika."

Kisu kikanyamaza. "Hawa watoto! Kuku ana akili kuliko huyo. Kuku ukimwita anageuza shingo kwanza aone nani anamwita. Mwambie anisikilize."

Pa Houa akamsogezea Brynn simu kwa kunyoosha mkono, yeye mwenyewe hakusogea.

"Mwanangu," bibi alisema, "mwenye vitu hurudi saa ileile aliyoondoka. Akirudi, inua kichwa, mtazame usoni, hata kama hutaki kuuona huo uso. Mwambie mara tatu: chukua vyako, kazi yangu imekwisha. Mjukuu wangu atakushika mkono. Ataondoka. Wa namna hiyo wana adabu, ukiwatazama."

"Saa ileile?" Brynn aliuliza. "Yaani saa kumi na nusu?"

"Kama ndiyo saa aliyoondoka."

"Lakini mtihani wangu ni saa nane."

Hata Pa Houa, aliyemzoea, alifumba macho kwa aibu.

"Kuna mtihani mwingine?" bibi aliuliza taratibu.

"Hakuna. Nikikosa huu wananitoa."

"Basi utatolewa shule. Watu wametolewa shule na wakazeeka. Nisikilize neno la mwisho. Hiyo amana usimpe mtu mwingine. Ukikaa nayo, kwake wewe ni mlinzi. Ukiisukumia kwa mwenzako, umeshakuwa mwizi, na mwizi haombwi tena kwa adabu."

Simu ikakatwa. Pa Houa akavuta kiti kutoka meza ya jirani, akakaa hatua mbili kutoka pale. "Tunangoja," alisema. "Nitamwandikia mwalimu wako, tutasema uliumwa."

"Hatakubali. Safari ile nilisema hivyohivyo."

"Basi hatakubali. Kaa."

Walikaa mpaka saa saba na nusu. Koti lilikuwa linadondosha. Brynn alitazama saa, akatazama daftari lake, akatazama saa. Nimejitahidi kumwonea huruma katika saa zile za kungoja, na siwezi kusema nimeshindwa kabisa; mtu mwenye hofu mbili huikimbia ile anayoijua. Saa saba na dakika thelathini na tano Pa Houa akaenda kunywa maji bombani, hatua ishirini tu. Wakati huohuo akapita Colby Dreyer.

Colby alikuwa jitu la timu ya magongo ya barafuni, shingo nene kama gogo, hedfoni masikioni, anatafuta soketi. Miguu yake ilianza kuizunguka meza kama miguu ya wengine wote. Brynn akamshika mkono.

"Samahani, kaka. Unataka hapa? Kaa, kuna soketi."

Colby alichomoa hedfoni ya sikio moja. "Kweli? Aisee, umeniokoa."

"Niangalizie tu vitu vyangu hivi. Narudi."

"Freshi," Colby alisema, na hedfoni ikarudi sikioni. Hata usoni hakumtazama.

Alimwachia kila kitu, begi, simu, funguo na lile koti lake la manjano juu ya kiti, ili iwe amana kweli. Akashuka ngazi mbio. Mlango wa chini ukafunguka kwenye mashine ya kahawa. Alikimbia kwenye baridi na fulana tu mpaka ukumbi wa mitihani, akaazima kalamu kwa msimamizi, akaandika saa mbili bila kuinua mkono. Swali hata moja halikumshinda.

Pa Houa alikuwa anamngoja nje. Alikuwa amejaribu kumwinua Colby kwa mikono yake miwili, akashindwa. Mtu alikuwa amezama kitabuni, hasikii, na nywele zake zilikuwa zimeanza kulowa.

"Umefanya nini, Brynn?"

"Nimefanya mtihani."

"Yule ana mama yake yule! Twende ukamwondoe. Inakaribia saa kumi na nusu, bado unaweza kusema yale maneno."

"Nitakuja. Funguo zangu ziko kule na simu." Hivyo ndivyo alivyosema. Pa Houa aliniapia kwamba ndivyo alivyosema, na nikamwamini, kwa sababu nimewafagilia miaka kumi na minane.

Walipanda pamoja. Ghorofa ya nne ilikuwa imejaa watu na kimya, na jua lilikuwa limeshafika nyuma ya maegesho. Koti la kijani halikuwepo kitini. Glavu hazikuwepo. Kitabu hakikuwepo. Colby alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

Brynn alivuta pumzi, akatabasamu kidogo. "Ameshakuja, eh? Ameondoka?"

"Mwenyewe amerudi," Colby alisema, na hakuwa anamtazama yeye, alikuwa anatazama kitu kilicho juu kidogo ya bega lake. "Amekusanya vitu vyake. Amevihesabu. Anasema kimoja kimepungua."

"Mwambie mimi sikuchukua kitu."

"Anasema wewe ulimwambia upo."

Harufu ya ziwa ilijaa ghafla, nzito, na Pa Houa aliyekuwa nyuma yao kwa hatua tatu aliona zulia likichapwa nyayo za maji, moja, nyingine, zikitoka ukutani zikija, zisiharakishe, na akampigia Brynn kelele ageuke, atazame, aseme, ageuke tu, lakini binti yule aliyekuwa hajawahi kumwinulia mtu kichwa akakiinamisha chake zaidi, akafumba macho, akanyoosha mkono kulikwapua koti lake la manjano kitini akimbie nalo, na Pa Houa akaruka akalishika lile koti kwenye pindo, akavuta, na likaja jepesi. Upande wa pili hapakuwa na aliyelishika.

Colby akapiga miayo. Akajinyoosha, akatazama saa, akalalamika kwamba amekaa hapo mchana kutwa na ile soketi haina umeme, akaondoka. Hakumbuki kitu hadi leo, na sidhani kama amejaribu.

Polisi walikuja, mbwa wakaja, mbwa wakakataa kupanda ghorofa ya nne. Mama yake Brynn alibandika picha kila mlango na bado kila Desemba anakuja kubandika mpya. Nilimdharau yule binti na sifichi, lakini zile picha sijawahi kuzibandua, na kazi yangu ni kubandua. Majibu ya kemia yalitoka wiki iliyofuata. Alikuwa amepata A.

Koti la manjano Pa Houa alilirudisha kwa mama mtu mkononi. Kesho yake asubuhi nilipokuja kufagia nilikuta liko kwenye kiti pale dirishani, limelowa, na mbele yake daftari lililofungwa. Nimelipeleka kwenye kabati la vitu vilivyopotea mara nne. Sasa silipeleki. Nafagia kuizunguka meza, na ikifika saa kumi na nusu nakuwa ghorofa nyingine.

Wiki iliyopita, mitihani imeanza, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama pale na kompyuta yake kifuani, macho yamechoka. Wengine wote walikuwa sakafuni. "Mzee," aliniuliza, "hapa pana mtu?"

Nilimtazama usoni kwanza, kisha nikamjibu.

"Pana mtu, mwanangu. Yupo."